Jiho Hajarudi Nyumbani

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha, mtu yeyote wa Garsen atakusimulia: mimi ndiye yule msichana niliyewatoa polisi, chifu, wenye mitumbwi na karibu nusu ya soko wakamtafute Mkorea ambaye hakuwa Mkorea, wala hakuwa mtu. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sikudanganya. Kila neno nililoandika lilikuwa kweli tupu.

Jina langu Habiba. Kwetu ni nje ya Garsen, ukishuka kuelekea mashamba ya kando ya mto, upande wa Golbanti. Sisi ni Waorma, na Mworma bila ng'ombe sijui ungemwita nani. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, nasubiri kuitwa chuo, sina kazi ila kuchunga ndama. Lakini hawa hawakuwa ndama hivi hivi. Ukame ulikuwa umetumaliza. Aba (ndivyo tunavyomwita baba) alibakiwa na ng'ombe wachache wa kuhesabia vidole, akawa mtu wa kukaa tu anaangalia zizi, hata chai inampoa mkononi. Mvua zikarudi, wakazaliwa ndama saba, na Aba akaanza tena kuimba asubuhi, zile nyimbo za kuwasifu ng'ombe ambazo hatukuwa tumezisikia muda mrefu. Akaniita mbele ya kaka zangu akaniambia, "Hawa nimekupa wewe uwatunze. Asipotee hata mmoja."

Sasa wiki hiyo hiyo ndipo nilipoingia katika K-pop, ule muziki wa vijana wa Korea, na aliyeniingiza ni rafiki yangu Mwanaesha, binti wa Kipini aliyekuja Garsen kumuuzia shangazi yake kwenye duka la madera. Nilikwenda kununua mtandio, nikamkuta ameegemeza simu kwenye debe la vifungo, anaruka ruka peke yake kama aliyekanyaga siafu.

"Ndoo, Habiba, ndoo uone kwa mato yako!" akasema kwa lahaja ya kwao, yaani njoo uone kwa macho yako, na mtandio ukasahauliwa.

Jamani. Mimi nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Vijana saba, wanacheza kwa pamoja hadi unadhani ni mtu mmoja ana vivuli sita, nywele zao za kila rangi, mmoja anaimba kwa sauti nyororo, mara anaingia mwingine anabwaga maneno kama mnadi wa mbuzi siku ya soko, na sielewi hata neno lakini nywele za mikono zimenisimama! Kundi hilo linaitwa Nalgae, Mwanaesha akaniambia maana yake ni mabawa. Kabla sijapumua akanifungulia Dalbit, wasichana wanne wanaocheza huku wamekunja uso kana kwamba umewaibia, halafu wimbo ukiisha wanacheka kama watoto. Nikakaa pale dukani tangu adhuhuri hadi alasiri. Wateja walikuwa wakiingia wanatukuta tumekodoa macho kwenye simu, wanajipimia madera wenyewe.

"Sasa sheria," Mwanaesha akasema. "Lazima uwe na wako mmoja ndani ya kundi. Huyo ndiye utakayemlilia, utakayemtetea. Lakini kwanza uwajue wote kwa majina."

Hapo ndipo palipokuwa na taabu, kwa sababu mimi nilikuwa nawaona wote sura moja (wasinisikie). Leo nywele nyekundu, kesho za buluu, nitamshikaje mtu? Nikarudi nyumbani nawaza, nikafika zizini nikawatazama ndama wangu: saba. Wale nao ni saba! Nikacheka peke yangu, na jioni ile ile nikawapa majina. Yule mweusi asiyetulia akawa Siwoo, kwa sababu Siwoo ndiye mchezaji wao. Anayelia mchana kutwa akawa Doyun, mwenye kazi ya kubwaga maneno (ni jike, lakini kelele ni zile zile). Na yule mweupe, mwembamba, mpole, mwenye baka la rangi ya dhahabu kwenye paji la uso, akawa Jiho, kwa kuwa Jiho wa Nalgae ni mweupe, mwembamba, mpole, na nywele za dhahabu zinamwangukia usoni. Jiho ndiye niliyemchagua kuwa wangu. Huko Korea na hapa zizini pia.

Nawaambia ilifanya kazi! Kwa wiki mbili nilikuwa nawajua wote saba kuliko hata Mwanaesha, na ndama nao wakajua majina. Nikiita "Jiho!" anainua kichwa na kuja mbio. Aba aliniuliza mara moja tu hayo ni majina gani, nikamwambia ni ya Kikorea, akasema, "Mradi wanaitika," akaenda zake.

Siku ya mkasa ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Jiho, yaani yule wa Korea. Nikaweka picha yake kwenye stetasi ya simu, chini nikaandika "Jiho wangu" na mioyo kumi na miwili. Tena jina langu kwenye simu nilikuwa nimelibadilisha kitambo, badala ya Habiba nikajiandika Mke wa Jiho. (Msinitazame hivyo. Mwanaesha yeye ni Mke wa Siwoo na hakuna aliyemuuliza.) Nikashinda nikitazama nyimbo zao chini ya mti wa mkoma, moyo wangu juu mawinguni, na ndama wakila mbele yangu. Nilipokuja kuwahesabu jua likielekea kutua, walikuwa sita.

Nikahesabu tena. Sita. Jiho hayupo.

Niliita mpaka koo likakauka. Nikaogopa kumwambia Aba, na badala ya kwenda kwake moja kwa moja, ambako ndiko kungekuwa na akili, nikashika simu iliyokuwa na chaji asilimia tatu, nikaingia kwenye gurupu la kuuziana vitu Garsen, lenye mamia ya watu ambao wengi wao hata hawanijui, nikaandika haraka haraka: "Jamani msaada. Jiho hajarudi nyumbani tangu mchana. Ni mweupe, mwembamba, ana dhahabu kwenye paji la uso. Mpole, hana shida na mtu. Mara ya mwisho alionekana akielekea mtoni. Ukimwita jina anakuja. Mkimpata mpeni maji."

Someni tena hiyo habari. Tafuteni neno ndama. Halipo! Kichwani mwangu Jiho alikuwa ndama na ndama alikuwa Jiho, sikuona haja ya kueleza.

Mtu akauliza, "Picha iko?" Nikajibu, "Angalieni stetasi yangu," nikidhani ile picha ya ndama niliyoiweka juzi bado ipo, kumbe ilikwisha kufutika yenyewe na iliyobaki ni ya kijana wa Kikorea na mioyo kumi na miwili. Simu ikazima hapo hapo. Mawingu yalikuwa yametanda siku mbili, sola yetu haina hata chembe. Na Mwanaesha, mtu pekee ambaye angeelewa, alikuwa Kipini kwenye harusi ya binamu yake.

Nilimweleza Aba. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa tu akiangalia zizi, chai ikampoa mkononi kama wakati ule wa ukame, na asubuhi kulipopambazuka tukatoka. Yeye akashika upande wa malisho kufuata nyayo, mimi nikaambiwa niteremke upande wa mto, kwa sababu ndama akiingia kwenye mashamba ya Wapokomo wakati mahindi yanachipua, hilo si jambo dogo kwetu. Ng'ombe na shamba vimewahi kutukosanisha vibaya mno.

Kufika barabarani nikakuta watu kama wa maandamano. Bodaboda zimepangana, vijana wana fimbo, gari la polisi limeegeshwa.

"Kuna nini?" nikamuuliza mama mmoja muuza samaki.

"Mwanangu, hujasikia? Kuna Mkorea amepotea! Redio imetangaza. Hata watu wa Kau wametoa mitumbwi, wanaogopa asije akawa ameliwa na mamba. Na mkewe naye simu haipatikani, polisi wanasema huenda wametekwa wote wawili."

Hapa ningekuwa na akili ya kawaida ningekaa chini nikafikiri. Lakini mimi nilichosikia ni Mkorea. Mkorea, Garsen! Mkorea wa kweli, mzima, anatembea kwenye udongo wetu! Mungu anisamehe, nikasahau hata kilichonitoa nyumbani. Nikapenya hadi kwa chifu, nikamwambia, "Chifu, shikamoo. Mimi Kikorea nakijua kidogo."

Chifu akanitazama kama aliyeletewa maji jangwani. "Marahaba! Afande, leta kipaza sauti!"

Nikapandishwa nyuma ya gari la polisi, mimi Habiba, tukateremka kando ya mashamba, watu wanafuata nyuma. Sasa Kikorea changu chote ni cha nyimbo, kwa hiyo nilianza vizuri na "Anyong haseyo!", hiyo ni salamu. Kimya. Nikaongeza "Kajima!", yaani usiende. Kimya. Nikaishiwa, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote, "Sarangheyo!"

"Hiyo maana yake nini?" afande akauliza.

"Ni... ni salamu ya mkazo," nikasema. (Maana yake ni nakupenda. Nililitangazia bonde zima la Tana.)

"Mwite kwa jina," chifu akasema, akafungua karatasi aliyoandika akisikiliza redio. "Anaitwa Jowo... Jiwo... kitu kama hicho."

"Chifu, hilo si jina la Kikorea. Labda ni Jiho."

"Ndiyo, hilo hilo!"

Nikasisimka mwili mzima. Mkorea amepotea Garsen, na jina lake Jiho! Nilidhani ni bahati yangu. Nikaweka kipaza sauti mdomoni na kuita kama ninavyoita kila siku, ile sauti ya kuvuta: "Jihooo! Jihooo, njoo!"

Kwenye mahindi ya bibi mmoja aitwaye Mama Komora kukasikika mlio. "Mmmbaaa!"

Mabua yakatikisika. Polisi wakaruka chini, vijana wakainua fimbo, mtu mmoja akapiga kelele, "Yuko hai!" Na mahindi yakafunguka, akatokea ndama wangu, mweupe, mwembamba, dhahabu kwenye paji la uso, jani la hindi linaning'inia mdomoni, akaja mbio mbele ya umma wote hadi kwenye gari na kuanza kuniramba mguu.

Nilisimama na kipaza sauti mkononi, akili inarudi kipande kwa kipande: gurupu, stetasi, mioyo kumi na miwili. Afande akatoa simu yake, akaniwekea usoni. Kijana wa Nalgae alikuwa anatabasamu kwenye kioo.

"Huyu unamjua?"

"Namjua," nikasema. "Lakini yeye hanijui."

"Na huyu anayejiita Mke wa Jiho?"

Wakati huo huo Aba alikuwa ametokea upande wa pili wa shamba, akifuata nyayo, na akasikia. Aba akanitazama mimi, akamtazama ndama, akanitazama tena mimi. Kama ardhi ya Tana ina mahali pa kupasuka immeze mtu, siku ile sikupaona.

Chifu alikuwa amepandwa na hasira, na ana haki, mkubwa wake alikuwa amempigia simu mara nne. Akasema kutoa taarifa ya uongo ni kosa, nipande gari nikaandikishe maelezo kituoni. Ndipo Aba akavua kofia yake, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Chifu, mtoto amekosa. Lakini uongo hakusema. Alisema Jiho amepotea. Jiho alikuwa amepotea."

Watu wakaangaliana. Aliyecheka wa kwanza ni Mama Komora mwenyewe, mwenye shamba, ambaye mimi nilikuwa namwogopa kuliko polisi. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi huyo Mkorea wenu amenilia mistari miwili ya mahindi!" Na hapo wote wakaangua kicheko, Wapokomo, Waorma, wenye bodaboda, hata afande akageuka upande kuficha meno. Aba akamwahidi mama yule kwamba kesho tutakuja, mimi na kaka zangu, kumpandia upya, na kesho yake tulikwenda, na alitupa uji.

Chifu aliniachia kwa sharti moja: nichaji simu pale pale kituoni, nijirekodi kwa sauti yangu, nieleze ukweli kwenye gurupu. Nikasema, "Aliyepotea ni ndama. Amepatikana akiwa mzima. Mimi si mke wa mtu. Nisameheni." Majibu yakamiminika usiombe, vicheko tupu, na kuna bwana mmoja ambaye nadhani alisikiliza nusu tu, akaandika, "Poleni sana familia, Mungu awape subira."

Nilipofika nyumbani Aba aliniita, akataka kumwona huyo mume. Nikafungua video. Aliitazama hadi mwisho, uso mkavu, kisha akauliza, "Mbona wamekonda hivi? Nani anawatunza?" Halafu akaniambia niirudie.

Mpaka leo nikipita sokoni wauza samaki wananisalimu "Anyong!" na naitikia, nifanyeje. K-pop siachi, hilo msinidai, na jina la simu nimerudisha Habiba. Lakini nimeapa: mnyama wa kwetu akipotea tena, siandiki popote, sishiki simu. Natoka kwa miguu yangu, napita nyumba kwa nyumba, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwangu, kabla hata ya hodi, litakuwa ng'ombe.