Wagonjwa Walioambiwa Diski Ni Tupu

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke aliyevaa koti jeupe lililochakaa viwikoni anainama mpaka mdomo wake unakaribia tundu la kioo cha dirisha. Upande wa pili amesimama bibi mmoja, mkono wake umeshashika ncha ya bahasha ya kaki. Ncha nyingine bado imeshikwa ndani.

"Sema tena, mama," anamwambia.

"Daktari akiiweka, asingoje ijifungue yenyewe," bibi anajibu, macho juu, kama anayesomeshwa. "Aifungue kwa mkono. Atafute chenye alama ya jicho. Abofye hapo."

"Na kompyuta ikimkatalia?"

"Abofye maelezo zaidi. Halafu airuhusu."

"Na akisema haina kitu?"

Bibi anasita. "Nimwambie akupigie wewe."

Hapo ndipo bahasha inapoachiwa.

Wagonjwa wanamwita Dada wa Diski. Ana miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka tisa kazi yake imekuwa kuchoma diski za picha za eksirei na CT-scan za wagonjwa wanaopewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Kwa siku anachoma kama thelathini. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu. Ameshausaini mara thelathini na sita.

Kila diski inabeba picha pamoja na programu ndogo ya kuzionyesha, na ndani yake kuna agizo la kuiambia kompyuta iifungue programu hiyo mara tu diski inapoingizwa. Kompyuta za zamani zilikuwa zinatii. Za siku hizi hazitii, kwa kuogopa virusi.

"Zamani unaingiza diski, unageuka kuchukua kalamu, ukirudi picha zimejaa kwenye skrini," anasema. "Sasa hivi kinatokea kijitangazo pembeni, kinauliza ufanye nini. Sekunde chache kimeondoka. Daktari alikuwa anaandika, hakukiona. Kwingine hata hicho wamekizima."

Daktari akijaribu kuzifungua picha zenyewe, anakutana na mafaili yenye majina ya tarakimu tupu ambayo kompyuta haijui iyafungue kwa kitu gani. Ana foleni nje. Anaitoa diski, anamrudishia mgonjwa na kumwambia haina kitu.

Dada wa Diski aliyajua haya kwa njia ambayo hamwombei mtu.

Mwishoni mwa mwaka jana kaka yake mkubwa, fundi wa plasta, alianza kuumwa kichwa na kugonga milango kwa mabega. Akapigwa picha. Dada mtu ndiye aliyeichoma diski, akaandika jina lake juu kwa mkono wake mwenyewe. Kaka akapanda basi saa sita nzima kwenda hospitali kubwa.

Jioni akapiga simu. "Mdogo wangu, mmeniwekea hewa."

"Hewa vipi?"

"Daktari kaiweka, haina kitu. Kaniambia nirudi niletewe nyingine."

Akamchomea nyingine. Miadi ikapangwa baada ya wiki tatu. Kaka akaenda, akarudi na jibu lile lile. Miadi nyingine, wiki nne mbele. Safari ya tatu dada akaomba ruhusa isiyo na malipo, wakaenda wote.

"Daktari akaiweka, akangoja, akaanza kuitoa," anasimulia. "Nikamwambia, daktari, naomba nikae hapo dakika moja. Akaniangalia. Akasema, dada, hapa si mahali pa kujifunzia kompyuta. Nikamwambia, mimi ndiye niliyeichoma."

Daktari akampisha. Ilimchukua chini ya dakika moja. Alifungua diski kwa mkono, akaona alama ya jicho, akabofya, akaikubalia kompyuta onyo lake. Kichwa cha kaka yake kikatokea kwenye skrini, na uvimbe ndani yake.

"Daktari akasogea kwenye skrini, akauliza, picha hii ni ya lini? Nikamwambia, ina wiki saba na siku mbili."

Uvimbe ulikuwa umekaa juu ya mishipa ya macho. Walimpasua siku kumi baadaye na uhai wake wakaunusuru. Macho hayakurudi.

Leo kaka mtu anaishi kwa dada yake, katika chumba cha mbele. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, kiganja kikitembea ukutani polepole.

"Aliyepiga plasta hii alikuwa na haraka ya kwenda kula," anasema, na kucheka peke yake. Alipoulizwa kama anamlaumu mtu, alifikiri kidogo. "Nimlaumu nani? Kila mtu aliniambia upande wake uko sawa. Mbovu nilikuwa mimi."

Ndivyo walivyojibiwa pia kwa maandishi walipolalamika. Hospitali kubwa iliandika kwamba kompyuta zake ni nzima, tatizo ni diski. Hospitali anayofanyia kazi dada iliandika kwamba diski zake ni nzima, tatizo ni kompyuta. Barua hizo mbili amezibana kwa pini moja.

Aliandaa karatasi ya maelekezo, mistari minane, ya kuwekwa ndani ya kila bahasha. Mkuu wa kitengo aliirudisha. Karatasi isiyo na nembo haitoki hapa, aliambiwa, na nembo inaidhinishwa na kamati. Kamati haijakaa. Ndiyo maana wagonjwa wanakaririshwa dirishani.

Lakini hasira yake kubwa haiko kwa mkuu wa kitengo.

"Kabla ya kaka, watu walikuwa wanarudi," anasema, akiangalia mikono yake. "Dada, diski tupu. Mimi naiweka kwenye kompyuta yetu, ya zamani, inajifungua. Nawaambia, mbona nzima? Nawachomea nyingine kuwaridhisha. Nilikuwa nawaona wasumbufu. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja, huko waliifunguaje."

Baada ya kaka yake kupasuliwa, alilipekua daftari la dirishani la miaka miwili, akiwatafuta waliosaini kuchukua diski ya pili. Alipata mia mbili na kumi na wawili.

Tangu hapo, saa ya chakula cha mchana, anakaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo na kuwapigia kwa simu yake mwenyewe. Ameshafika wa sitini na moja. Namba nyingine hazipatikani. Wengine walishatibiwa, wanamshangaa tu. Msichana mmoja alipokea simu ya mama yake, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama alishatutoka, shangazi," akamshukuru, akakata.

"Bora angenitukana," anasema.

Anakusudia kuwamaliza wote kabla ya mwisho wa mwaka, kama mkataba utasainiwa tena. Na anataka jambo moja kutoka kwa kamati, siku itakapokaa: mgonjwa asiambiwe hana picha mpaka mtu ameifungua diski kwa mkono.

Mchana huo tulikaa naye kwenye ngazi. Alipiga namba ya sitini na mbili. Ikapokelewa na mwanamume mwenye sauti nzito.

"Nakupigia kutoka dirisha la picha, hospitalini," alisema. "Mwaka jana ulirudisha diski, ukatuambia ni tupu. Haikuwa tupu, kaka yangu. Haikufunguliwa."

"Sasa unaniambia ili iweje?" mwanamume akauliza.

Dada wa Diski alifunga macho. "Ili ujue. Na kama bado hujatibiwa, ilete tuifungue, nikuandikie namna ya kumwonyesha daktari."

Akaitoa simu sikioni, akaitazama kama imekatika. Kisha sauti ikarudi, chini kidogo.

"Mnafungua saa ngapi?"