Orodha Aliyoikataa Mama Povu

Shangazi yangu amefua mashuka ya watu kwa miaka ishirini na saba kwenye kipande kimoja cha ardhi kando ya mto, na kwa miaka hiyo yote hakuna shuka lililopotea wala kwenda kwa asiye mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu kwenye jalada la mradi wa barabara ya juu ameandikwa kuwa ni "mkazi asiye na shughuli inayotambulika." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Bado haijapoa.

Mtaani wanamwita Mama Povu. Jina lilianza na povu la sabuni lililokuwa likimfika viwikoni kutwa nzima, na siku hizi ambapo kutoa povu ni kufoka, vijana wanalifurahia mara mbili. Hakujaliwa mtoto. Alinichukua mimi, binti wa kaka yake, nikiwa darasa la tatu, akanisomesha hadi chuo cha ualimu kwa mikono ile ile iliyochubuliwa na sabuni.

Msingi wa kazi yake ni kisima. Mto wenyewe ulikufa siku nyingi. Maji yake hayafai hata kupigia deki chooni. Ya bomba nayo yana chumvi, sabuni inaganda ndani yake kama maziwa yaliyoharibika. Lakini yeye na marehemu baba yangu walichimba hatua kumi na mbili kutoka ukingoni, mchanga ukachuja, yakatoka maji laini yanayokubali sabuni. Ukimwondoa Shangazi kwenye maji ya namna ile humhamishi, unamstaafisha.

Kila mteja ana uzi wake. Nyumba ya wageni ya stendi ina uzi wa kijani pembeni mwa shuka, ya sokoni uzi mwekundu, zahanati uzi mweusi. Mishono mitatu tu, midogo kama punje za ufuta. Hufua, husuuza mara tatu, ya mwisho ikiwa na buluu kidogo ya kung'arisha weupe, kisha huanika kwenye kamba sita zinazofuata mto. Mchana wa jua kali, ukisimama darajani, unadhani kuna meli imekwama pale.

Sasa lazima niseme jambo ambalo bila hilo hakuna atakayemwelewa. Mumewe alikonda kwa miezi minane kabla ya kufariki. Kilikuwa kifua, lakini mtaa haukusubiri daktari. Miaka ile kwetu neno mwathirika lilikuwa na maana moja tu. Redio ilisema waathirika, mabango ya zahanati yakasema waathirika, na hakuna aliyeuliza waathirika wa nini. Wakanong'ona kwamba Mama Povu naye ni mwathirika. Ndani ya wiki moja wateja wakaisha. Mwenye nyumba ya wageni ya stendi alikuja kuanua mashuka yake mwenyewe yakiwa bado yanachuruzika, akayakunja mabichi kwenye ndoo na kuondoka bila kumtazama usoni. Shangazi alipima, akakutwa hana virusi. Lakini cheti cha hospitali hakianikwi kambani. Ilimchukua miaka minne kuwarudisha watu, mmoja mmoja. Ugonjwa si aibu, na yeye anajua kuliko mimi, maana amewafulia wagonjwa wengi bila kuwauliza wanaumwa nini. Neno lile tu ndilo hakulisamehe.

Mradi ulipotangazwa, mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Barabara ingepita juu kwa juu, kwenye nguzo, ikifuata mto kutoka katikati ya mji hadi uwanja wa ndege. Fundi viatu, jirani yake Shangazi wa upande wa juu, alisema barabara ya juu ni ya walio juu, sisi wa chini tutapewa kivuli. Watu wakacheka. Shangazi hakucheka, alisema kivuli hakikaushi shuka. Mwenyekiti akawatuliza. Kila mwenye kazi kando ya mto angeandikwa jina, na kila aliyeandikwa angepewa sehemu nyingine mbele kidogo, penye ardhi kama ile na kisima, kabla ya nguzo ya kwanza kusimama.

Ikapita miezi mitatu. Asubuhi moja wakaja vijana wawili wenye vizibao vya njano na kalamu shingoni, hawakujitambulisha, wakamwambia Shangazi asaini. Akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma kichwa cha karatasi: Orodha ya Waathirika wa Mradi. Miradi ya waathirika wa ugonjwa ilishapita mtaani kwetu, ikigawa sabuni na ushauri, na vizibao vilikuwa vilevile. Aliuliza nani kawaambia kwamba yeye ni mwathirika.

"Mama, kando ya mto huku wote ni waathirika," kijana mmoja alimjibu. "Kuanzia kwa fundi viatu hadi darajani."

Shangazi akamgeukia fundi viatu, ambaye alikuwa ameshasaini na amerudi kwenye kiatu chake.

"Pole sana, ndugu yangu. Siku zote hizo hukusema."

"Tufanyeje, dada?" fundi viatu akajibu, akidhani anapewa pole ya barabara. "Tumeshazoea."

Alinipigia simu palepale. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Aliniambia kuna watu wanataka asaini jambo ambalo si kweli, nami, bila hata kuweka kalamu chini, nikamwambia asisaini kitu asichokubaliana nacho. Msomi mzima. Sikuuliza karatasi inasemaje. Kijana akaandika mbele ya jina lake, "Amekataa kwa hiari," wakaenda zao.

Tuligundua kosa letu siku orodha ilipobandikwa na wapimaji kuja na rangi. Kibanda cha fundi viatu kilipata namba. Kibanda cha Shangazi kilipata alama ya msalaba, yaani kitabomolewa bila kupewa sehemu nyingine. Fundi viatu ndiye aliyemweleza, na alipoelewa ile pole ilikuwa ya nini alicheka hadi akakaa chini, kisha akaona uso wa Shangazi, kicheko kikakatika. Shangazi alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Nilipofika aliniuliza jambo moja tu: katika maneno yote waliyonayo hao watu, hawakuona lingine?

Wiki mbili baadaye tuliitwa mbele ya kamati ya malalamiko. Walikaa kwenye darasa la shule ya msingi, meza imetandikwa kitambaa cheupe, na sisi tukapewa viti vya watoto, magoti karibu na kidevu. Walikuwa watatu: mkuu wa kamati, ambaye ni mzee mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso; mwanasheria, ambaye ni dada mmoja mpole; na mwenyekiti wetu wa mtaa. Kwa Shangazi mwenyekiti hakuwa mgeni. Shangazi ndiye aliyemfulia mashuka ya harusi yake. Naye alimjua Shangazi tangu enzi za mashuka kuanuliwa mabichi, na ukimuuliza neno mwathirika lilimfanya nini mwanamke huyu, angeweza kueleza bila kupepesa jicho. Muda wote alitazama simu.

Nilieleza. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyofundisha. Mkuu wa kamati akasema anasikitika, lakini mama alikataa kwa hiari yake.

"Nilikataa ugonjwa," Shangazi akasema. "Kisima sikukikataa."

Mkuu akasema neno hilo ndilo lililomo kwenye sheria, hawakulitunga wao. Shangazi akajibu kwamba siku ile hakuwa mwathirika, kwa hiyo alisema kweli. "Lakini leo mmeniathiri. Basi niandikeni leo."

Yule dada mwanasheria alitabasamu kwa huzuni, akafungua jalada atafute nafasi. Akapitisha kidole kwenye mistari, akasimama. Akasema kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema kwamba labda kuna makosa, maana eneo lenyewe halikuachwa wazi, limeandikwa mtu. Namba kumi na tisa: kisima kimoja, kamba sita, kazi yake mfuaji nguo. Akasoma jina. Lilikuwa la shemeji yake mwenyekiti, anayeuza vipuri vya magari upande wa pili wa mji na ambaye, kwa ninavyojua, hata soksi zake hufuliwa na mkewe.

Mwenyekiti akaigeuza simu kifudifudi. Mimi nilisimama, kiti kikaanguka, na nilichosema siwezi kukiandika hapa. Wanafunzi wangu wanasoma. Hasira yangu ilikuwa kwa yule mtu, lakini ilikuwa pia kwa kalamu nyekundu niliyokataa kuiweka chini siku ile. Shangazi alinivuta gauni nikae. Hakupaza sauti.

"Mleteni afue," alisema.

Mkuu wa kamati akasema hilo ni lalamiko jingine, lina fomu yake na siku zake. Kwa sasa, kwa moyo wa ubinadamu, mradi unaweza kumpa lori limbebee vitu vyake popote atakapokwenda, asaini tu hapa.

"Litanibebea na mto?" Shangazi akauliza. "Sisemi wa kulalia."

Mwanasheria alicheka, akaziba mdomo. Shangazi hakusaini. Kabla hatujatoka alishika pindo la kitambaa cha meza, akalisugua kwa vidole viwili, akawaambia aliyekifua hakukisuuza vizuri, sabuni bado imo, kitachanika kabla ya mwaka kuisha.

Tulijaza fomu ya lalamiko jingine siku ileile. Tukaambiwa tusubiri. Ila nguzo hazisubiri. Jumatatu iliyofuata wapimaji walirudi na darubini yao ya miguu mitatu kupima nguzo inayoangukia juu ya kisima. Waliisimamisha kwa fundi viatu, kigingi chao kikiwa upande wa daraja, na katikati ya jicho la darubini na kigingi kulikuwa na mashuka arobaini. Wakamwomba ayatoe.

"Hayajakauka," akawaambia.

Wakangoja. Yalipokauka aliyaanua, akakunja taratibu, kona kwa kona, na kabla ya shuka la mwisho kuingia kapuni, la kwanza la fungu jingine lilikuwa limeshapanda kambani. Aliwafuata wateja wote, hata waliomwacha miaka ile, akawaambia wiki hii anafua mapazia, vifuniko vya viti, chochote kipana. Mwenye nyumba ya wageni ya stendi alileta mzigo wake mwenyewe, mzee sasa, anahema, akautua kando ya beseni. Fundi viatu alitoa shuka lake la pekee. Jumanne hivyo. Jumatano hivyo. Kiongozi wa wapimaji alikasirika, akasema anazuia maendeleo ya nchi, na Shangazi akamuuliza yeye nyumbani kwake analala kwenye nini. Wangeweza kukata kamba. Nadhani hawakuthubutu kwa sababu watu walikuwa wameanza kujaa darajani, na baadhi walishika simu zao juu.

Nilichukua likizo nikaja kukamua. Mikono yangu ilivimba siku ya kwanza. Tulifanya kazi bila kuzungumza sana, na hasira ilikaa kati yetu kama mtu wa tatu, ikivuta maji. Siku moja nilimwomba msamaha kwa ile simu. Alisema nishike ncha ya shuka vizuri, linaburuza.

Jana barua imekuja. Kamati itafika Alhamisi saa nne kukagua eneo namba kumi na tisa, na mfuaji nguo aliyeandikwa anatakiwa awepo, pamoja na mwenyekiti. Nilimsomea mara mbili. Akaniuliza shemeji ana mwili gani, mrefu au mfupi, nikamwambia mfupi. Akaenda kupima kimo cha kamba ya kuanikia, akaishusha ili mtu mfupi asipate kisingizio, kisha akachagua kwenye mzigo wa zahanati mashuka manne mazito kuliko yote na kuyaweka pembeni yamngoje.