Posa ya Binti Yangu na Mpira Usiorudi

Katika utumishi wangu wote hapa Bariadi, sikuona usemi wa Kiingereza uliotumiwa vibaya maofisini kuliko ule wa mpira kuwa upande wako. Waingereza waliutoa kwenye tenisi. Maana yake: mimi nimetimiza sehemu yangu, sasa ni zamu yako. Sharti lake ni moja, kwamba asemaye awe ameupiga mpira kwanza. Nimepokea barua nyingi za watu ambao hawakugusa hata raketi.

Kwa hiyo kijana wa Sapiwi alipomposa binti yangu, niliwaandikia wazazi wake barua rasmi ya kukubali, nakala nikaiweka jaladani. Nilihitimisha: "Mpira sasa uko upande wenu."

Nikasubiri. Pamba ikavunwa yote, ikauzwa. Kimya.

"Baba, waandikie tena," binti yangu alinisihi. Kila pikipiki iliyopita ilimtoa nje.

"Siandiki kumbusho kwa wasiojibu barua ya kwanza. Mpira uko kwao."

"Basi nitazeekea hapa, nikufutie vumbi majalada."

Asubuhi moja dada yangu mkubwa alifika kutoka Nkololo. Nikamfungulia jalada. Hakulitazama, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bwana afisa. Ng'ombe wa mahari umekwenda kuwatazama?"

"Hawajanialika kwa maandishi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Tangu lini mwenye binti akaalikwa? Ukishakubali, wewe ndiye unayewafuata zizini kuchagua! Wenzako wa Sapiwi wanawazuia ng'ombe zizini kila asubuhi wakikungoja. Wanasema labda umepata mkwe mwenye gari."

Tulikwenda siku hiyohiyo. Baba wa kijana alitupokea mlangoni pa zizi.

"Karibu, mzazi mwenzangu. Ulipokubali, hawa walikuwa wanono. Wamekonda kwa kukusubiri; malishoni wanafika jua limeshakuwa kali."

"Barua yangu mliipata?"

"Tuliipata. Tukasema, mtu anayeandika vizuri hivi hawezi kukosa kuja."

Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikaingia zizini. Dada yangu alinong'ona nyuma yangu: "Yule mwekundu mkatae, mbavu zinaonekana." Sikumkataa yeye wala mwingine yeyote, na siku ya harusi ikapangwa palepale. Wapo ukooni wanaosema hadi leo kwamba wakwe zetu walitupa ng'ombe dhaifu. Kumbukumbu isahihishwe: walikondeshwa na mimi.