Mukhisa wa Kayole

Peris anauza ndizi hapa soko la Kitale, kando ya vitunguu vyangu, na kama hujawahi kuulizwa habari za kaka yake, basi hujawahi kununua ndizi kwake. Mteja akisema tu ametoka Nairobi, amekwisha. Peris atamfungia ndizi polepole makusudi, huku akimhoji. "Huko hukupatana na mwanaume mrefu, anaitwa Mukhisa? Sikio la kushoto halina ncha. Punda alimuuma akiwa mdogo."

Watu walicheka. Hata mimi nilimcheka, sitadanganya. Nilimwambia, "Mama Joy, Nairobi si Kachibora. Kule kwetu ukisimama stendi uite jina la mtu, atatokea, au mama yake atatokea. Nairobi utaita mpaka koo likauke." Akanijibu kwamba hata Nairobi inakaliwa na watu, na watu wana majirani. Niliudhika kidogo, nikageukia vitunguu vyangu.

Walizaliwa wawili tu, yeye na Mukhisa, kule Chwele, Bungoma. Mukhisa alikosana na baba yao juu ya fahali aliyeuzwa bila yeye kuambiwa. Baba alisema maneno, kijana naye akasema yake, akafunga mfuko wake akaenda Nairobi. Mwanzoni habari zilifika: mara anabeba mizigo soko la Gikomba, mara ameoa. Halafu kimya. Baba akafa, mama akafa. Peris akaolewa Kitale, akazaa, akafiwa na mume, na kila harusi na kila matanga alitafuta uso mmoja katikati ya watu. Hakutaka makubwa. Alitaka kumwona Mukhisa akiwa hai, amwambie ule ugomvi uliisha zamani, na kwamba kipande chake cha shamba hakuna mtu amekigusa.

Basi kuna Mukami, anayeuza viazi upande wa pili, ambaye sisi tunamwita Mama Nyaruai. Ni Mkikuyu aliyezaliwa hapa hapa Trans-Nzoia, mwenye sauti ya kufukuzia nyani shambani. Mwaka jana bintiye Nyaruai alijifungua mtoto msichana wa pili huko Nairobi, na Mukami akaenda kumsaidia. Alikaa Kayole, ghorofa ya tano, akizichukia ngazi, na kila siku alitupigia simu kutuambia namna anavyozichukia.

Asubuhi moja alimpigia Peris tukiwa tunapanga bidhaa. Peris akaiweka simu kwa spika kama kawaida, ili sote tucheke.

"Mama Joy! Umesimama? Kaa chini!"

"Nimekaa. Ni nini?"

"Nimempata Mukhisa wako! Ati Nairobi ni kubwa? Bana, ni mlango kwa mlango na Nyaruai!"

Alieleza bila kupumua. Alikuwa akianika nepi, akamsikia jirani anayeitwa Sandra akimkemea mwanawe anayeanza kutambaa: Mukhisa, toka kwa maji! Mukami akamwuliza jina hilo wamelitoa wapi. Sandra akasema ni la babu yake mtoto, baba wa mume wake, mtu wa Chwele. Mukami akashika sikio lake mwenyewe la kushoto, akauliza, "Na hapa juu pamekatika?" Sandra akashika mdomo. "Mama, umejuaje? Si ni punda alimuuma!" Kisha akakimbia kazini kwa maana alikuwa amechelewa, na Mukami hakungoja arudi ndipo apige simu. Nani angengoja?

Nilipiga vigelegele mpaka wauza kuku wakaacha kuku wao wakaja kuona. Mtu alimkumbatia Peris kutoka nyuma, mwingine akaanza wimbo wa kanisani. Mimi nilikuwa nikilia na kucheka pamoja, nikimwambia anisamehe kwa ule mzaha wangu wa Kachibora.

Peris alikuwa akipanga upya ndizi zile zile.

"Mama Joy, si uko?" Mukami akauliza.

"Niko."

"Na mbona hufurahi? Kaka yako amepata mjukuu wa jina lake! Kama mimi na Mukami wangu mdogo!"

Kwao Mukami, mjukuu huitwa jina la babu au nyanya angali hai, na mwenye jina hutembea kifua mbele. Kwa Wabukusu, watu wa kina Peris, sivyo. Jina la mzee hubaki lake mpaka azikwe, ndipo mtoto hupewa. Peris alijua tangu Mukami alipotaja mtoto. Muda huo wote tuliokuwa tukimshangilia, yeye alikuwa amekaa na kifo cha kaka yake, na hakutaka kutuharibia.

"Mama Nyaruai," alisema kwa upole, "Sandra akirudi jioni, mwulize walimzika wapi."

Walimzika Lang'ata, huko huko Nairobi, miezi michache kabla mtoto hajazaliwa. Yalikuwa mapafu. Mwanawe, Wakoli, hakuijua njia ya Chwele wala mtu wa kumpigia, kwa sababu baba yake hakupenda kutaja nyumbani. Lakini jina alijua kulitoa, hilo alifundishwa. Mukami alilia kwenye simu siku nyingi, akisema ni yeye amemwua Mukhisa kwa mdomo wake. Peris alimwambia, "Nyamaza, Mama Nyaruai. Bila wewe ningeuliza wateja mpaka nizeeke." Tangu siku hiyo haulizi mtu, na mimi, niliyekuwa nikichoshwa na maswali yale, nayatamani.

Disemba Wakoli alileta familia yake nyumbani kwa mara ya kwanza. Mimi na Mukami tulimsindikiza Peris hadi Kanduyi, Bungoma, kuwapokea. Tulisimama kando ya barabara tangu asubuhi, na Peris alikuwa amevaa nguo yake ya Pasaka. Basi lilipofika, Wakoli alitangulia kushuka, mrefu, na Peris akashika mkono wangu hadi ukaniuma. Nyuma yake Sandra na mtoto.

"Mukhisa," Sandra alisema, akimshusha, "salimia kukhu, nyanya yako."

"Mimi si kukhu wake," Peris alisema. "Huyu ni kaka yangu."

Akainama akamchukua, akaanza kumwambia kwa Kibukusu, haraka haraka, kwamba baba alishakasirika akaacha, kwamba shamba lipo, kwamba amekawia sana. Mtoto alimtazama mwanamke huyu asiyemjua, midomo ikamtetemeka, akaangua kilio akinyoosha mikono kwa mama yake. Peris hakumwachilia. Mtoto alilia akimtaka mama yake, na Peris alilia akimtaka Mukhisa, huku amembeba Mukhisa.