Meno Yaliyo Ndani ya Ufizi

Katika picha yangu ya mahafali nimefunga mdomo. Wenzangu wote wanacheka, mimi nimebana midomo kama mtu aliyekatazwa kumeza. Nina meno ya kahawia, yenye mistari na vishimo, kama watu wengi tuliokulia Nangwa kwa maji ya kisima kirefu. Mjini waliniuliza kama navuta sigara. Sijawahi kuvuta hata moja.

Lakini diploma ninayo, ya teknolojia ya maabara upande wa maji, na mimi ndiye wa kwanza kuipata katika ukoo wetu. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Nilibeba zege mchana na kulinda duka la vifaa vya ujenzi, nikasoma hivyo hivyo mpaka mwisho. Kisha nikafanya kazi maabara ya maji kwa miaka saba, na watu wenye digrii walikuwa wananiita niwarekebishie vipimo vyao.

Huko ndiko nilikopata ugonjwa wa nano, sayansi ya vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu kuhusu mashine ambazo watu wanaota kuzijenga siku moja, mashine za kushika atomu moja moja na kuipanga mahali pake, kama fundi anavyopanga tofali. Mashine ya namna hiyo ingetengeneza jembe bila kiwanda na dawa bila mmea. Ingeweza hata kuchagua ndani ya glasi ya maji, ikatoa kibaya na kuacha kizuri. Sijaiona na sijui nani ataiona. Lakini tangu niliposoma habari hiyo sijaweza kutulia.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na binti yangu wa miaka mitatu na nusu. Mama yake ni muuguzi mjini, tulikubaliana atatufuata akipata uhamisho. Kabla hatujaondoka aliniambia neno moja tu: "Meno ya mtoto." Hakuhitaji kuongeza. Mtoto wa umri ule ana meno ya utoto kinywani, lakini yale ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi, taratibu, tabaka juu ya tabaka, atomu kwa atomu. Floraidi, madini yaliyojaa kwenye maji ya kisima chetu, ikizidi wakati huo ujenzi unaharibika, na jino linakuja kutoka miaka kadhaa baadaye likiwa na doa ambalo mswaki hauliondoi. Kwa hiyo nilikuwa na miaka michache tu ya kulinda meno ambayo hakuna mtu angeweza kuyaona.

Nilijenga chujio langu wiki ya kwanza. Nilikusanya mifupa ya ng'ombe buchani Katesh, nikaichoma kwenye pipa lililofunikwa mpaka ikawa mkaa mweusi, nikaiponda, nikaiosha, nikaijaza kwenye ndoo mbili. Mkaa wa mifupa una tabia moja ninayoipenda sana: maji yakipita, mfupa unatoa chembe yake na kuchukua ya floraidi mahali pale pale. Mfupa wa ng'ombe aliyekufa unafanya kazi ambayo wataalamu bado wanaiota. Nilimweleza mama yangu hivyo. Akaniuliza kama maji yatanuka nyama.

Hayakunuka. Nilikuwa na kipimo changu cha mkononi, chupa ndogo na dawa nyekundu. Ukiweka maji safi, wekundu unabaki. Ukiweka maji yenye floraidi nyingi, rangi inafifia. Nilipima asubuhi, nilipima nikitoka shambani, nilipima hata siku za Jumapili kabla ya ibada mpaka mama akaniambia nimekuwa kama mtu aliyepoteza ufunguo. Chai ya mtoto, uji wake, maji yake ya kunywa, vyote vilitoka kwenye ndoo zangu. Miezi minane, na nyekundu yangu haikufifia hata mara moja.

Habari zilienea. Jumamosi moja walikuja majirani kama kumi, pamoja na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, mzee mwenye kikopo cha ugoro na maneno mengi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti kilicho karibu zaidi na meza kama mgeni rasmi. Nikawaeleza habari za atomu. Nakiri nilisimama wakati naongea, ingawa wote walikuwa wamekaa.

"Kwa hiyo hiyo mashine yenu," baba mdogo akasema, "itatengeneza ng'ombe?"

"Kwa nadharia, baba mdogo, hakuna kinachoizuia."

"Atazaliwa na alama ya ukoo wetu sikioni, au nitamkata mwenyewe?"

Watu wakacheka. Nikasema alama pia inaweza kupangwa.

"Basi wezi watainunua kwanza wao," akasema mama mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni.

Nikaona niwanyamazishe kwa vitendo. Niliweka chupa mbili mezani. Ya kwanza maji ya kisima, rangi ikafifia mbele yao. Ya pili maji ya ndoo zangu, ikabaki nyekundu. Wakaguna. Mama yangu, aliyekuwa anapepeta maharage pembeni, aliinua kichwa akawatazama wote mmoja mmoja kuhakikisha wameona.

Baba mdogo hakupenda kushindwa. Alifungua kikopo, akatoa kijiwe cha magadi anachosagia ugoro wake, akakitupa mezani. "Pima na hiki, mtaalamu. Nacho kina atomu."

Nilicheka. Nilikikoroga kwenye maji ya mvua, nikayazimua sana ili niwaoneshe ustadi, nikatia dawa. Rangi haikufifia tu, ilikufa. Ilibaki kama maji ya kuoshea glasi, nyeupe kuliko ile ya kisima.

"Ameshindwa! Dawa imekwisha nguvu!" baba mdogo akapiga mguu chini, na watu wakacheka zaidi. Nilirudia. Ikafa tena. Walidhani nimeaibika, na wakaanza kuondoka wakiwa na furaha tele.

Sikuwa na nafasi ya aibu. Nilikuwa namtazama mama na ungo wake. Maharage yale yalikuwa ya makande, na kwetu makande hayapikwi bila magadi. Mahindi na maharage makavu ya mwinuko huu ni magumu, kijiko kimoja cha magadi kinayalainisha upesi. Mboga za majani pia, anatia. Binti yangu alikuwa anakula makande ya bibi yake karibu kila siku, mabakuli mawili, na mimi nilimsifia kwa kula vizuri.

Kuna jambo baya zaidi. Magadi yale niliyaleta mimi. Siku ya kurudi nilisimamisha gari, nikanunua kiroba kizima cha magadi ya Ziwa Balangida, meupe, mazuri, kwa sababu mama siku zote aliyasifu kuwa hakuna kama hayo. Niliingia nayo begani kwa majivuno. Diploma yangu ilikuwa ya maji. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha habari za chungu cha jikoni.

Nilizunguka nyumba mara mbili kabla ya kuingia jikoni.

"Mama, magadi tuyaache."

"Kwa sababu ya mchezo wa shemeji yangu?"

"Haukuwa mchezo. Yana floraidi nyingi kuliko kisima. Yanaingia kwenye meno ya mtoto."

Aliendelea kupepeta. Kisha ungo ukasimama. Alinitazama mdomoni, mahali ambapo nimezoea kutazamwa na wageni, lakini mama yangu alikuwa hajawahi kunitazama hapo.

"Wewe nilikuachisha ziwa kwa makande," akasema. "Basi ni mimi."

Nina majibu ya kila kitu. Siku ile nilisema tu, "Ni maji, mama. Zaidi ni maji." Sijui kama ni kweli. Sina kipimo cha kurudi nyuma miaka thelathini. Na mama anajua ninavyoongea nikiwa na uhakika.

Kesho yake nilikuta kiroba kimeburutwa hadi kwenye zizi. Nikasema hata ng'ombe wasilambe sana. "Ng'ombe nao wanapiga picha ya mahafali?" akajibu, lakini alikifunga, na baadaye tukachimba shimo tukakizika mbali na kisima.

Sasa analoweka mahindi na maharage tangu jioni na kuyachemsha mpaka mchana. Kuni zinakwenda mara mbili, kwa hiyo shoka ni kazi yangu. Mara ya kwanza binti yangu alitafuna, akasimama, akasema, "Bibi, haya ni mawe." Bibi yake akala bakuli lote bila kuinua macho, akaongeza jingine, mtoto akamfuata.

Binti yangu sasa ana miaka sita kasoro. Miezi ile minane imo ndani ya ufizi wake, tabaka zimeshapangwa, na mashine ya kuzipangua, atomu moja baada ya nyingine, haipo. Nimetafuta tena kwenye simu. Haipo. Jino la mbele la chini limeanza kulegea, na la ukubwani linasubiri chini yake. Kila asubuhi namweka mlangoni penye mwanga, namwambia afungue mdomo, nalisukuma kwa kidole. Mama huja akasimama nyuma yangu na mwiko mkononi.

"Bado?"

"Bado, mama."

Anarudi jikoni. Kabla sijafika kwenye kuni namsikia anamwita mtoto tena, taratibu, amfungulie mdomo atazame mwenyewe.