Kata Mezani, Kipindi cha Michezo

Juzi nilikuwa kwenye benchi la ofisi moja ya elimu hapa Newala, nasubiri kuitwa. Akaingia mama mmoja na binti yake wa darasa la nne, mkono umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, mpaka begani.

"Shikamoo mama," alisema afisa, kijana wa shati jeupe. "Mtoto kapatwa na nini?"

"Marahaba. Kavunjika kwenye kipindi cha michezo."

"Pole sana. Michezo ndivyo ilivyo. Alikuwa anacheza nini?"

Mama alivua kanga ya begani, akaisokota, akaizungusha mpaka ikawa kata, ile tunayoweka kichwani chini ya ndoo. Akaiweka mezani.

"Wanaambiwa waje nayo kila Ijumaa. Kipindi kikifika wanashuka bondeni kuteka maji, wanayapandisha mpaka nyumbani kwa mwalimu mkuu. Huyu kateleza na ndoo mteremkoni."

Afisa aliisukuma kata pembeni kwa ncha ya kalamu, taratibu, kama kitu kinachochafua meza.

"Nitaongea na mwalimu. Ila kuna habari njema, mama. Muhula ujao tunawaongezea watoto kipindi cha pili cha michezo."

Miaka yote nimepiga kelele kwenye safu hii kwamba watoto wetu waongezewe michezo. Siku hiyo niliangalia viatu vyangu.

Mama alikunjua kanga yake, akajitanda, akamshika binti mkono ule mzima.

"Kwani nyumbani kwa mwalimu," aliuliza, "wameongezeka wangapi?"