Kibati Namba 143

Kwa miaka ishirini na sita Fundi Redio alikaa katika kibanda kimoja, nyuma ya meza moja, akilehemu nyaya nyembamba kama unywele. Mtaa mzima ulimjua. Walimtania kwamba anaweza kusikia redio ikikohoa mtaa wa pili, lakini miwani yake anaitafuta asubuhi nzima nayo iko kichwani.

Ambacho hawakukijua ni kwamba yeye na mkewe walikuwa wamezaa mara mbili, si mara moja. Binti waliyemlea alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kiume, aliyeishi siku kumi na moja. Fundi alikuwa mbali wakati huo, ametumwa kufunga mitambo ya simu. Mama mtoto alikuwa hajitambui wodini kwa homa ya uzazi. Alipozinduka alikuta kitanda kidogo kitupu, na muuguzi akampa kipande cha karatasi chenye namba: 143. Maiti za watoto zisizo na mtu wa kuzichukua zilizikwa na manispaa, nyuma kabisa ya makaburi ya mji, kila moja na kibati cha chuma chenye namba.

Walikwenda mara moja tu, wakakuta majani yamewafika kiunoni. Karani wa makaburi aliwaambia, "Vibati vimeshazama ardhini. Maji yakimwagika hayazoleki, wazee wangu." Wakarudi nyumbani. Karatasi mama aliikunja akaiweka kabatini, chini ya shuka, na hawakuizungumzia tena.

Miaka ikapita. Siku moja mteja alileta kibandani mashine ya kutafutia vyuma ardhini, imekufa. Fundi akaifufua kwa siku mbili, lakini mteja akawa ameshachoka nayo. "Kaa nayo tu, Fundi," alimwambia. "Mimi nimeambulia vizibo vya soda tu."

Jioni ile, alipomaliza kula, Fundi alisema, "Mama, ile karatasi bado ipo?"

Mkewe hakuuliza karatasi gani. Aliinuka akaenda kuileta.

Mkwe wao, mpima ardhi, ndiye aliyempa kifaa cha GPS na kumfundisha. "Ukipata kibati, baba, usibonyeze huku unatembea. Simama tuli, subiri kishike setilaiti za kutosha, ndipo uhifadhi pointi na uandike namba. Chini ya miti kitakudanganya. Na hata penye uwazi, usikiamini kama futi kamba. Kinakosea mita tatu, mita nne."

"Mita nne ni nini kwa mtu aliyepotea miaka thelathini?" alijibu Fundi, wakacheka.

Akaanza kwenda kila Jumamosi asubuhi, visikizio masikioni, akipeperusha mashine juu ya majani taratibu kama mtu anayepiga pasi. Ikilia, hupiga magoti, huchimba kwa mwiko wa kupandia maua, husugua kutu kwa kidole gumba. 88. 61. 117. Kila kibati alikisoma, akahifadhi pointi, akakirudisha palepale na kukifukia. Hakuwa na moyo wa kukiondoa kitu cha mtoto wa mtu.

Habari zikaenea, wazazi wengine wakaja kibandani na karatasi zao kuukuu. Fundi aliwapeleka mmoja mmoja, akiifuata mishale ya GPS hadi penyewe. Mpaka mwaka unaisha alikuwa na pointi hamsini na tisa.

Ya hamsini na tisa ndiyo ilikuwa 143.

Alisimama pale muda mrefu. Setilaiti zilishashikwa kitambo, na yeye bado amesimama. Akabonyeza, akafukia, akarudi nyumbani mbio.

"Nimempata," alisema mlangoni.

Mkewe alikaa chini, papo hapo sakafuni. Kisha akasema, "Nitakwenda. Lakini si hivi. Mguu huu ukipona." Wiki ileile alikuwa apasuliwe nyonga, na alitaka kumwendea mwanawe kwa miguu yake, asibebwe.

Alikaa hospitalini na nyumbani wiki saba. Mvua zikanyesha. Fundi hakutoka kando yake.

Walipokwenda, mke na mkongojo wake, Fundi na GPS yake, walikuta uwanja mwekundu, mtupu. Majani hayakuwepo. Vibati havikuwepo. Mlinzi wa makaburi aliwaeleza huku akiangalia viatu vyake: waokota vyuma chakavu walikuwa wamekuja. Waliona sehemu zenye udongo mbichi, wakachimba moja baada ya nyingine. Manispaa ilipoona mashimo ikaleta greda ikasawazisha.

"Udongo mbichi," Fundi alirudia. "Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyewaonyesha."

Mkewe akasema, "Hicho kifaa chako kinasemaje?"

Fundi aliufuata mshale, akasimama. "Hapa. Lakini kinakosea. Mita nne upande wowote."

"Ndani ya hizo mita nne wako wangapi?"

Alipiga hesabu. "Makaburi yenyewe ni madogo. Labda thelathini. Labda zaidi."

Mama alitazama ardhi ile nyekundu. Kisha aliuachia mkongojo ukaanguka, akakaa chini kidogo kidogo, akakunjua mguu wenye kovu. "Watu husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti," alisema. "Mama naye anaijua. Basi nitawalilia wote." Akalia, kilio cha miaka thelathini na moja, viganja vyake vikipapasa udongo kushoto na kulia, asimruke yeyote.

Fundi hakuthubutu kumsogelea.

Baadaye mkwe alizichapa zile pointi zote kwenye karatasi, na Fundi akazipeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba, akieleza kosa lake kila mlango. Wengi walimshika mkono. Baba mmoja alimfungia mlango usoni, na Fundi alisema huyo ndiye aliyemtendea haki.

Mashine ya kutafutia vyuma hakuiwasha tena. Mkewe huenda kule kila mwezi, na sasa huenda na akina mama wengine wanne. Hukaa pamoja kwenye kipande kilekile, kila mmoja akiamini kwamba wake yu karibu. Fundi huwasindikiza mpaka kwenye ukuta wa makaburi, na hapo husimama, akisubiri wamalize.